Hata Kaburini Tuligawanywa

Kuna usemi umezuka siku hizi katika vikao vyetu vya Rungwe, nao unanichoma kila ninapousikia. Husemwa kwa kicheko, na wasikilizaji hucheka: "Wafu hawalipi kodi." Mara ya mwisho niliusikia katika kikao kilichozungumzia eneo moja la makaburi ya zamani lililomezwa na mji, ambalo baadhi ya wakubwa walitaka lisawazishwe ili pajengwe vibanda vya biashara. Aliyeusema ni kijana msomi, niliyemfundisha mwenyewe kusoma na kuandika. Akaongeza kwamba makaburi yale "ni ya wakoloni na watu wao", kwamba ndugu zao wameshakwenda zao, na kwamba mji unahitaji nafasi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka, nikasema maneno machache, nikaambiwa kwa heshima kubwa, "Asante mwalimu, tumekusikia," kisha kikao kikaendelea kama kwamba mbuzi amelia nje ya dirisha. Basi yale niliyonyimwa nafasi ya kuyasema pale nayasema hapa, kwa urefu ninaoutaka, maana kitabu hiki nimekigharimia mwenyewe na hakina mwenyekiti wa kunikatiza.

Nianze na neno "watu wao". Watu wao ni akina nani? Mji wetu wa Tukuyu ulianzishwa na Wajerumani, wakauita Neu-Langenburg kwa kuwa Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Waliojenga boma si Wajerumani kwa mikono yao. Waliobeba mizigo kutoka ziwani, waliochonga mawe, waliokuwa askari, tarishi, wapishi na makarani, wote hao walikuwa Waafrika, wengine wa hapa hapa na wengine wa mbali. Walikufa pia. Katika kila mji wa namna hiyo nchini mwetu wafu walipangwa kama walivyopangwa walio hai. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ilikuwa na hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, na ile ya Sewa Haji kwa Waafrika na Wahindi. Ungetazamia nini makaburini? Mzungu alilala upande wake penye mawe yaliyochongwa, Mhindi upande wake, Mwislamu upande wake, Mkristo Mwafrika upande wake. Na yule ambaye hakuwa Mkristo wala Mwislamu, aliyemwomba Kyala kwa njia ya babu zake, aliwekwa mahali palipoitwa pa "wasio Wakristo", kana kwamba mtu anaweza kuelezwa kwa kile asichokuwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Dar es Salaam, nao ningependa kila mwalimu wa historia aufahamu. Ukitoka mjini kwa barabara ya Bagamoyo utayakuta makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni mahali safi, majani yamekatwa, mawe yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Wengi wanaopita wanadhani waliozikwa pale walizikwa hapo tangu mwanzo. Sivyo. Makaburi yale yalianzishwa mwaka 1968, pale yalipohamishwa makaburi 660 ya Vita ya Kwanza ya Dunia kutoka makaburi ya Ocean Road ili kupisha barabara mpya. Kule Ocean Road kulikuwa na sehemu ya Waafrika Wakristo, sehemu ya wasio Wakristo na sehemu ya Waislamu. Wahamishaji walipofika katika sehemu hizo wakakuta kwamba makaburi hayakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja. Ya Wazungu yalikuwa na alama. Basi Mzungu akahamishwa akiwa na jina lake, akapewa jiwe lake. Mwafrika akahamishwa pamoja na wenzake, akazikwa nao katika kaburi la pamoja, juu yake ukajengwa ukuta wa ukumbusho.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Mwaka 1968 tulikuwa tumejitawala kwa miaka saba. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja nyuma. Barabara tuliitaka sisi, na ilikuwa haki yetu kuitaka. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu Mwafrika aliyekufa. Lakini dhuluma iliyofanywa miaka hamsini nyuma, ya kutoandika jina, ilikuwa bado inafanya kazi, na iliendelea kufanya kazi mikononi mwetu wenyewe. Ndivyo ilivyo tabia ya dhuluma ya maandishi. Mjeledi ukiuacha hauchapi. Daftari ambalo halikuandikwa jina linaendelea kumpiga mtu hata baada ya mwenye daftari kurudi kwao.

Tena mapema katika miaka ya 1970 yaliletwa pale makaburi mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania, ambako haikuonekana kwamba yangeendelea kutunzwa. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo tazama matokeo yake kwetu sisi wa mikoani. Yaliyohamishwa ni makaburi yaliyojulikana. Mpagazi aliyefukiwa kando ya njia hakuwa na cha kuhamishwa. Kwa hiyo leo mtoto wa shule huku nyanda za juu anaweza kumaliza darasa la saba, kidato cha nne na hata cha sita, bila kuambiwa kwamba vita ile ilipita katika kijiji chake na kwamba waliokufa ndani yake huenda wamo chini ya shamba la chai analolipita kila asubuhi.

Maana ilipita. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, yakautwaa mji wetu, yakaendelea kuelekea Njombe na Songea. Jeshi lile halikuwa na magari ya kutosha wala halikuweza kutumia wanyama wa mizigo, kwa sababu ya mbung'o. Lilikwenda kwa vichwa vya watu. Risasi, unga, dawa, hata viti vya maofisa, vyote vilibebwa na wapagazi, ambao huku kusini waliitwa tengatenga. Wajerumani nao walichukua wapagazi wao, na walipokuwa wakirudi nyuma hawakuuliza kama mtu ana mke mjamzito. Mzigo ulikuwa ratili 50 hadi 60. Watu waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa kuliko walivyouawa na risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake Waafrika wapatao milioni moja waliandikishwa kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki, na hesabu zinazotajwa sana na wanahistoria ni kwamba waliokufa wanakaribia laki moja. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako vijana wetu wa Tukuyu hukimbilia kuuza viatu, ilipata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo kilichopiga kambi pale. Jina la soko limebaki. Majina ya watu hayapo.

Mmoja wao alikuwa mdogo wa babu yangu mzaa baba. Alichukuliwa akiwa kijana ambaye hajatoa hata ng'ombe mmoja wa mahari. Babu alituambia kwamba walimwona akishuka mlima na mzigo wa unga, akageuka mara moja, basi. Hakuna aliyerudi kusema alifia wapi. Jina lake ninalo. Sitaliweka hapa, kwa sababu nikimtaja wa kwetu peke yake, ati kwa kuwa mjukuu wa kaka yake amejua kuandika na amepata fedha ya kuchapisha kitabu, nitakuwa nimefanya lile lile ninalolipinga.

Ili asiye Mnyakyusa aelewe uzito wa jambo hili, lazima nieleze kidogo namna tulivyozika. Mtu wetu hakupelekwa mbali. Alizikwa nyumbani, karibu na nyumba, penye migomba. Majirani wa rika lake, wale alioishi nao kijiji kimoja tangu ujana, ndio waliochimba kaburi. Wanawake walilia siku kadhaa, ng'ombe wakachinjwa, wanaume wakacheza ngoma na mikuki yao, hata wageni Wazungu wakashangaa kuona kilio na ngoma mahali pamoja. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kwetu katika miaka ya 1930, waliandika sana juu ya maziko yetu, na ingawa sikubaliani na kila walichokiandika, nawashukuru kwamba waliona kuwa mazishi kwetu hayakuwa siku moja. Yalikuwa kazi ndefu ya kumsindikiza mtu hadi awe miongoni mwa abasyuka, wale wahenga. Malafyale, yaani chifu, alizikwa na kupandiwa miti, na kichaka kile hakikukatwa. Ndiyo maana ukitazama vilima vyetu vilivyonyolewa kwa kilimo, pale unapoona kishungi cha miti mikubwa imesimama peke yake, uliza kwanza kabla hujapeleka msumeno: mara nyingi utaambiwa chini yake amelala mtu. Lubaga, mahali pa Lwembe, pameheshimiwa kwa vizazi vingi bila walinzi wala bango la serikali.

Basi mtu wa desturi hiyo kufa njiani, akafunikwa udongo na watu wasiojua hata jina la ukoo wake, lilikuwa jambo gani? Ilikuwa kufa mara mbili. Na wenye jeshi hawakuona haja hata ya kigingi chenye namba.

Nawasikia wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Waingereza, wao ndio waulizwe. Wameulizwa, na wamejibu. Mwaka 1917 walipounda tume yao ya makaburi ya vita walijiwekea kanuni nzuri sana, ambayo ningefurahi kuiona imebandikwa katika kila ukumbi wa kijiji: kwamba kila aliyekufa apewe heshima sawa, jiwe la namna moja, awe jenerali au mpishi, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kule Ufaransa kanuni hiyo ilifuatwa kwa ukaidi wa kusifika. Matajiri walikatazwa kuwajengea wana wao makaburi ya fahari. Huku kwetu kanuni ikakunjwa ikawekwa mfukoni. Katika miaka ya 1920 iliamuliwa kwamba makaburi ya askari wengi na wapagazi wa Kiafrika yaachwe yarudi porini, na kwamba wote kwa pamoja watakumbukwa kwa sanamu. Ndiyo hiyo Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, na zile za Nairobi na Mombasa. Zitazame zote tatu. Ni sanamu nzuri. Hazina jina la mtu hata mmoja.

Ilichukua karibu miaka mia moja kusemwa wazi. Mwaka 2019 mbunge mmoja wa Uingereza, David Lammy, alionyesha katika filamu jinsi kule Voi, Kenya, makaburi ya Wazungu yalivyozungushiwa uzio huku Waafrika wakilala porini nje yake. Tume ikaunda kamati, na ripoti yake ya Aprili 2021 ikakiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Wahindi na Waafrika walio wengi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata kufikia 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Januari 2025 kule Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi weusi wa jeshi waliokuwa hawana kaburi linalojulikana. Hata Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, akaomba radhi mahali pale ambapo Wangoni 67 walinyongwa kwa siku moja, Februari 1906.

Kwa hiyo wenye kosa wameanza kukiri. Sasa ninawauliza wenzangu: sisi tuko wapi? Mwingereza akija kesho Tukuyu na kalamu mkononi, aseme, "Nipeni majina, nayachonga kwa gharama yangu," tutampa nini? Tutampa hotuba. Tutampa kikundi cha ngoma. Tutampa diwani wa kumkaribisha na mwenyekiti wa kumshukuru diwani. Majina hatuna, kwa sababu tulipokuwa na wazee wanaoyajua tulikuwa tunashughulika na mambo mengine, na leo tunazungumzia vibanda.

Na hapa naligeukia jambo la sheria, maana kijana yule alinijibu kwa sheria, nami napenda mtu anayenijibu kwa sheria. Alisema ipo sheria ya kuhamisha makaburi, kila kitu kitafanywa kwa utaratibu. Ni kweli, ipo. Ilitungwa mwaka 1969. Inataka wenye uhusiano na marehemu wapewe taarifa, na inaruhusu fidia ya gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika tena na kufanya matambiko au ibada zinazohitajika. Ni sheria ya kiungwana. Lakini isome kwa macho ya mpagazi. Taarifa atapelekewa nani? Asiye na jina hana ndugu wa kuitwa. Atakayejitokeza ni mwenye kaburi la sementi, lenye msalaba au maandishi, ambalo mjukuu wake bado analipalilia. Yule mwingine atachotwa na kijiko cha tingatinga pamoja na mizizi ya magugu, na hakuna atakayevunja sheria. Utaratibu utakuwa umefuatwa kikamilifu.

Sheria nyingine ni ile ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Hiyo nayo inahifadhi majengo, maziko na mabaki ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo lazima waziri ayatangaze. Fikiri maana yake kwetu Rungwe. Wamisionari wa kwanza wa Moravian walifika mwaka 1891. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka ule ule, kazi haijaanza sawasawa. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Vita ya Northey ni 1916. Karibu kila kaburi la wageni tulilo nalo, na kila kaburi la wenyeji waliokufa kwa ajili ya wageni, ni la baada ya 1863. Kwa macho ya sheria hayo bado ni machanga. Ningewaomba wabunge wetu, wanaopenda kutuletea vitambaa na fulana wakati wa kampeni, walitazame hilo.

Nimemtaja Mmoravian, na sitaki msomaji adhani natetea mawe ya Wazungu kwa kuwa wao ndio waliotuletea shule. Nayatetea kwa sababu nyingine. Wamoravian tangu karne ya 18 kule Herrnhut walikuwa na desturi ya kuwazika watu wao kwa mawe ya kulala chini, yaliyo sawa, ndugu wa kiume upande mmoja na wa kike upande mwingine, bila tajiri kumpita maskini. Makaburi waliyaita shamba la Mungu. Mimi si Mmoravian wa kutegemewa sana, mchungaji wangu anajua, lakini wazo hilo linanipendeza kuliko mahubiri mengi. Kisha tazama tunavyofanya sisi waumini wao wa leo. Mtu anakufa mtoto wake akiwa Dar es Salaam au Johannesburg, linajengwa kaburi la marumaru, lina nguzo nne na paa la bati la rangi, lina picha ya marehemu akiwa amevaa suti. Nyumba aliyokuwa akiishi bibi yake ilivuja hadi siku anakufa. Jirani yake, aliyemchimbia kisima, ana tuta la udongo na msalaba wa mbao ambao mchwa wataumaliza kabla ya masika ya tatu. Wakoloni waligawa makaburi kwa rangi na dini. Sisi tumeendeleza mgawanyo kwa mfuko, na tunaita heshima.

Wapo pia wanaoniambia kwa upole kwamba wananiunga mkono, na wanataka makaburi ya Wajerumani yasafishwe ili watalii wapige picha. Hawa wananiudhi zaidi kuliko mwenye vibanda, maana yule angalau anawadharau wafu wote sawasawa. Bagamoyo yapo makaburi ya Wajerumani waliokufa katika miaka ya mwanzo ya utawala wao, yamezungushiwa ukuta, yanatunzwa, mgeni anaonyeshwa. Sipingi. Jirani na hapo paliponyongwa Waafrika waliopinga utawala huo. Tengeru, karibu na Arusha, yapo makaburi kama 150 ya wakimbizi wa Kipoland waliofika wakati wa Vita ya Pili, yana sehemu za Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi, na Wapoland mpaka leo wanakuja kuwasha mishumaa. Nawasifu. Kila taifa limekuja kuwatazama wa kwake. Kama tutasafisha makaburi ya wageni kwa ajili ya fedha za wageni, na upande wa pili wa uzio tukaacha nyasi zimfunike yule aliyembebea mgeni chakula, basi tumerudi Ocean Road ya mwaka 1918, tofauti ni kwamba fyekeo safari hii limeshikwa na mtu mweusi.

Kuna na wachimbaji wa usiku. Kila mtu wa Rungwe anajua hadithi za fedha na silaha za Wajerumani zilizotupwa katika ziwa Masoko, na kwa kuwa sarafu za zamani zimewahi kuonekana pale, watu wameamini kwamba kila jiwe la Mjerumani limekalia dhahabu. Wamechimba chini ya misingi, wamechimba chini ya miti, wamechimba penye makaburi. Wanaofuata ni wa vyuma chakavu, wanaong'oa misalaba na minyororo. Nimekutana na mmoja akiwa na msalaba wa chuma ndani ya kiroba. Nilipomuuliza aliniambia, "Shikamoo mwalimu," akapita. Kufundishwa adabu alikuwa amefundishwa.

Najua hoja ya ardhi ni ya kweli. Wilaya yetu imejaa watu, kiwanja ni vita, na kijana asiye na ekari moja ya migomba ataniuliza kwa nini nataka mfupa upate nafasi kuliko yeye. Nampa jibu lisilo la kumbembeleza. Vile vibanda havikuwa vya kijana asiye na ekari. Niliiona orodha ya walioomba, ilipita mkononi mwangu kabla haijafichwa. Karibu wote walikuwa na vibanda tayari, wengine viwili. Kama mji unabanwa kweli hadi tuondoe makaburi, yaondolewe, hata mimi nitashika jembe. Lakini iandikwe kwanza. Kila sehemu ipimwe, kila jiwe lisomwe, kila mzee aulizwe nani alizikwa wapi, upande wa Waislamu na upande wa Wakristo, upande wa wenye mawe na upande wa wenye matuta. Hilo halihitaji mfadhili. Shule moja ya msingi yenye walimu wawili walio tayari inaweza kulifanya kwa muhula mmoja, na watoto watajifunza hesabu, jiografia na historia kwa pamoja, jambo ambalo mitaala yetu inayobadilishwa kila siku haijafaulu kulifanya.

Mimi nimeanza. Nina daftari kubwa la mistari, aina ile ya mahudhurio, nimelipiga mistari upya: jina, ukoo, kijiji, alichukuliwa na nani, Mjerumani au Mwingereza, habari ya mwisho ilisikika wapi, na jina la aliyenieleza. Kwa miaka miwili nimepata wapagazi 23 kutoka koo nne tu, kwa kutembea kwa mguu mbovu. Wajukuu wa Waislamu wa mjini wamenipa wanne miongoni mwao, na walinipokea vizuri kuliko baadhi ya wazee wa kanisa langu. Wawili kati ya walionieleza wamekwisha kufa. Nilipeleka nakala katika ofisi moja ya serikali, nikaomba mihuri na barua ya kunitambulisha vijijini. Niliambiwa suala langu linashughulikiwa. Nilirudi baada ya miezi mitano, nikaikuta nakala imewekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Niliichukua, nikaipangusa, nikaenda nayo nyumbani. Eneo la makaburi bado halijasawazishwa. Wamesubiri mvua zipungue. Daftari liko kwangu, lina kurasa nyingi tupu, na aliye na jina la babu yake au la babu wa jirani yake anaweza kunikuta siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi.